Nataka kuona skrini ya kompyuta ya sebuleni nikiwa chumbani, nimekwama

mtaalam_mdogo
Habari wakuu, nyumbani tuna desktopu sebuleni anatumia mzee, Windows 11 Home, mimi nina laptopu chumbani. Mzee akikwama ananiita mara kumi kwa siku nami napenda kumsaidia ila nataka nione anachokiona na yeye aone ninavyofanya ili ajifunze. Nimejaribu Remote Desktop ya Windows inagoma kabisa, kwenye desktopu hata sehemu ya kuiwasha haipo. Nakosea wapi?

fundi_kebo
Mkuu hujakosea, toleo la Home linaweza kuingia kwenye kompyuta nyingine lakini lenyewe halipokei, kupokea mpaka uwe na toleo la Pro. Na hata ungekuwa na Pro isingekufaa, maana ukiingia tu skrini ya mzee inajifunga anabaki anaangalia sehemu ya kuweka paswedi, sasa atajifunza nini hapo. Wewe unahitaji VNC, yaani programu ya kuona na kuendesha skrini ya kompyuta nyingine huku mwenyewe naye akiiona. Weka TightVNC, ni ya bure, desktopu unaweka upande wa seva, laptopu unaweka ile ya kutazamia. Wakati wa kuinstoo ikubali ijiwashe yenyewe kama huduma ya Windows ili hata yale maswali ya ruhusa ya admini uyaone. Paswedi weka ngumu ila zinasomwa herufi 8 za mwanzo tu. Kisha kwenye desktopu fungua Command Prompt uandike ipconfig upate IP (anwani ya kompyuta kwenye mtandao), mara nyingi inaanza na 192.168, hiyo ndo unaiandika kwenye laptopu.

mtaalam_mdogo
Nimefanya yote mkuu, inazunguka weee mwisho inasema imeshindwa kuunganisha. Nilikuwa nafikiria nifungue poti 5900 (mlango wa mtandao unaotumiwa na VNC) kwenye ruta labda ndo itapita

neti_na_amani
Usifungue hiyo poti ndugu yangu tafadhali!! Ndani ya nyumba haihitajiki kabisa, na ukiifungua unaiweka desktopu ya mzee wazi kwa intaneti nzima, kuna programu kazi yake ni kupita usiku na mchana zinatafuta poti kama hizo na kujaribu paswedi, halafu VNC ya kawaida picha zake hazisimbwi njiani (hazifichwi kwa msimbo). Kwanza angalia laptopu iko waifai gani, kama ni ile ya wageni ruta huwa inazitenga mashine zisionane.

mtaalam_mdogo
Duh ni kweli laptopu ilikuwa ya wageni tangu siku ya kwanza! Nimehamia waifai yetu imekubali papo hapo. Je nikisafiri?

neti_na_amani
Tumia programu ya Tailscale, unaiweka kwenye mashine zote mbili zinaonana kama ziko nyumbani na njiani kila kitu kinasimbwa, ruta huigusi. Au Quick Assist ya Windows yenyewe, wewe unaingia na akaunti ya Microsoft unampa mzee kodi (msimbo wa kuunganisha) anaiandika anakubali. Ila mwambie akipigiwa simu na mtu asiyemjua anajiita fundi anataka aandike kodi, akate simu, watu wameibiwa sana kwa njia hiyo.

fundi_kebo
Na desktopu izuie isilale, ikilala huipati. IP nayo ifunge kwenye ruta isibadilike.

mtaalam_mdogo
Nimefunga. Mzee kaona kishale kinatembea chenyewe kaniita tena, safari hii kuniuliza nimefanyaje 😂 asanteni sana wakuu