Mnazi wa Simba, mnazi wa Yanga: tuendelee nalo hili neno?

Wakuu, dabi ya Kariakoo ikikaribia tu, utasikia: fulani mnazi wa Yanga, fulani weka unazi pembeni tuongee mpira. Tulijadili leo, hasa nyie watangazaji.

Wapo wanaodai asili yake ni ule mti, eti umesimama palepale miaka nenda rudi kama shabiki asiyehama timu. Maelezo matamu, ila sarufi inayakataa. Miti ni minazi. Nani kasikia "minazi ya Yanga imejaa Jangwani"? Tunasema wanazi, na tabia yenyewe unazi. Na wanazi tunaowajua sote ni wafuasi wa Hitler, waliotawala Ujerumani 1933 hadi 1945 na kuua Wayahudi wapatao milioni 6.

Najua pale kwenye kahawa hakuna anayemfikiria Hitler. Mnazi ni yule ambaye timu yake ikifungwa, refa kanunuliwa. Ikishinda kwa penalti ya utata, "sheria ni sheria". Kijiweni sina ugomvi nalo. Redioni ninao.

Mkereketwa lingefaa, maana koo likikereketa hutulii. Bahati mbaya CCM wameshalishika: vibao vya "Shina la Wakereketwa" vipo hadi kwenye vijiwe vya bodaboda, ukimwita mtu hivyo ataulizwa kadi. Basi kuna lialia, kuna kindakindaki. Tumekosa nini?

Jibu: Mkuu unakuza mambo. Maneno huhama. Fisadi zamani alikuwa mzinzi, leo ni mla fedha za umma, na hakuna aliyeandamana.

Mleta mada: Fisadi lilihama likabaki tusi. Hili limetoka kwa wauaji likawa sifa, mtu anajipiga kifua nalo. Huoni tofauti?

Jibu: Mimi nasimama na mti. Mtu akipewa jina la mti, kwa nini asiingie ngeli ya watu?

Mleta mada: Anaingia kwenye upatanisho, umbo la jina halibadiliki. Viongozi wanakuja, vipofu wanakuja. Hatusemi "waongozi" wala "wapofu". Ingekuwa mti, tungesema "minazi wamefika".

Jibu: Nyie wabara mna kazi. Huku Mombasa ukijitangaza kuwa wewe ni mtu wa mnazi, utaulizwa mgema wako ni nani na chupa anauza bei gani.