Naombeni ushauri: niache chuo ili niandike filamu?

Msimulizi wa Tabata:
Salaam, wanajukwaa. Nina umri wa miaka 22, nasomea uhasibu hapa Dar es Salaam, na nimebakiza mwaka mmoja. Tangu sekondari nimekuwa nikitunga hadithi ndefu na kuzituma kwa vipande katika makundi ya WhatsApp, na wasomaji wanaotaka kuendelea hulipia kwa simu. Mtayarishaji mmoja wa Sinza ameisoma hadithi yangu ya karibuni na anataka kuifanya filamu, skripti niiandike mimi, mradi niwepo lokesheni muda wote wa kurekodi, na ratiba yake inagongana na mitihani yangu. Ijumaa natakiwa kutia saini. Je, niache chuo? Naomba kuwasilisha.

Mzee wa Mwembechai:
Mwanangu, maliza chuo. Nimesambaza filamu Kariakoo tangu enzi za kanda hadi enzi za diski, na ninajua mwandishi alivyokuwa akilipwa mara moja tu, halafu mtayarishaji akauza haki zote kwa msambazaji, na nakala bandia zikajaa vibarazani. Marehemu Kanumba, yule mwigizaji nyota, alipotutoka Aprili 2012 tulidhani soko lingeendelea kwa nguvu ile ile, lakini ving'amuzi na simu vilituchukulia wateja. Siku hizi tamthilia za televisheni ndizo zinazohitaji waandishi kila wiki, na hata huko anayejua hesabu hadhulumiwi kirahisi.

Fundi wa Sini:
Mzee amesema kweli kuhusu soko, ila nataka kugusa kazi yenyewe. Katika hadithi ya simu unaweza kuandika kwamba moyo wa mke ulijaa mashaka, na msomaji akakuelewa. Kamera haioni moyo. Huyo mke lazima afanye jambo, kwa mfano afungue kabati akute upande wa mume ni mtupu, kisha alifunge taratibu na kuendelea kumenya viazi. Ukurasa mmoja wa skripti hukadiriwa kuwa dakika moja ya filamu, kwa hiyo dakika 90 ni kurasa 90 hivi, na kila sini, yaani tukio moja la mahali pamoja na wakati mmoja, hutangulizwa na kichwa kinachosema kama tuko ndani au nje, mahali gani na wakati gani, ili fundi taa na mwongozaji wapange siku yao. Ukiandika sini tano katika nyumba tano tofauti, umeshamtia mtayarishaji gharama ambayo hukuikusudia. Haya unaweza kujifunza jioni bila kuacha chuo, na baadaye ukitaka msingi mpana zaidi wa sanaa, chuo cha sanaa cha TaSUBa kiko Bagamoyo. Niulize: hadithi hiyo umeibuni mwenyewe?

Msimulizi wa Tabata:
Nimeiandika mwenyewe, neno kwa neno.

Mwanafunzi wa Sheria:
Hujajibu ulichoulizwa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda kazi uliyoiandika, si wazo tupu, na haki hiyo huanza unapoitunga. Kuisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kunakuongezea ushahidi. Kabla ya Ijumaa tazama kama unampa ruhusa ya filamu moja tu, au unamwachia pia tamthilia na kila kitakachofuata. Je, karatasi hiyo inasema lolote kuhusu watu halisi?

Msimulizi wa Tabata:
Inanitaka nithibitishe kwamba hadithi haihusu mtu yeyote aliye hai. Ukweli ni kwamba ni maisha ya mama yangu mdogo, aliyenilea na ambaye ndiye anayenilipia ada. Mumewe aliuza nyumba yao bila yeye kujua. Hajaambiwa kuhusu filamu. Lakini nimebadilisha majina na mtaa, na mimi nilikuwemo katika nyumba hiyo tulipotolewa vyombo nje, kwa hiyo hadithi ni yangu pia. Kwa nini niombe ruhusa ya kusimulia nilichokiona kwa macho yangu?

Bi Mkubwa wa Upanga:
Mama mdogo ni mama. Alikusitiri akakusomesha, nawe unataka aibu yake watu wailipie kiingilio. Muombe radhi kabla hajasikia kwa majirani.

Kijana wa Gongo la Mboto:
Dada, siku ya uzinduzi mkalishe mama mdogo kiti cha mbele, ila wewe kaa karibu na mlango.

Mchambuzi Huru:
Wakuu, hii ni chai, hadithi ya kutunga. Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu mume kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mke. Aliiuzaje? Mleta mada anatujaribishia skripti yake ili aone tutaamini wapi na tutakwama wapi.

Mzee wa Mwembechai:
Hata mimi nimeanza kushuku. Mtoto wa uhasibu anaandika vizuri mno.

Msimulizi wa Tabata:
Si chai. Kiwanja hakikuwa na hati, kilikuwa na karatasi ya mauziano tu, kule Tandika karibu na soko. Mume alikwenda na mwanamke mwingine, akamtambulisha kuwa ndiye mkewe, na mwanamke huyo akaweka dole gumba. Mama mdogo, anayeuza khanga Kariakoo, alijua siku mnunuzi alipokuja na fundi wa kubadilisha kitasa. Nani angeweza kubuni hayo?

Fundi wa Sini:
Nimekuamini, hasa kwa hicho kitasa. Lakini ona ulichofanya: mtu mmoja amekuita mwongo, nawe ukataja mtaa, biashara na dole gumba mbele ya watu ambao huenda wananunua khanga kwake. Mtayarishaji naye atakubana hivyo hivyo, kwa sababu mambo haya ndiyo yanayoibeba sini.

Msimulizi wa Tabata:
Nawaomba wasimamizi waufute ujumbe wangu wa mwisho. Ijumaa sitatia saini. Nitaomba wiki mbili zaidi, na mtayarishaji akikataa, basi. Jumapili mama mdogo hafungui duka, nitamsomea skripti yote, pamoja na sini ya kitasa. Akikataa, nitaandika nyingine, ingawa bado nasema kwamba nami nilikuwemo ndani ya nyumba ile. Mwanafunzi wa Sheria, tafadhali nieleze: akikubali, ridhaa yake iandikwe vipi, naye astahili malipo gani?