Wakuu, mpango wa kukarabati skimu yetu ya umwagiliaji naupataje? Halmashauri wanasema ni nyaraka za ofisi

Mpunga_Mbichi:
Habari zenu wakuu. Nalima mpunga huku mkoani Morogoro, skimu ya wakulima wadogo, mfereji mkuu umebomoka na mageti yameliwa na kutu. Tangu mwaka jana tunasikia skimu imeingizwa kwenye mpango wa serikali, wengine wanasema majaruba yatapimwa upya, wengine eti tutahamishwa, sasa hatujui tusie mbegu au tusubiri. Nimeenda halmashauri nione huo mpango nikaambiwa ni nyaraka za ofisi, rudi kijijini utaelezwa, kijijini mtendaji naye anasema hajaletewa kitu. Naombeni ushauri jamani, inauma sana, hapa ndo tunapokula na kusomesha.

KandoYaMto:
Pole mkuu. Usiombe kwa mdomo. Kuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, raia yeyote anaruhusiwa kuomba na ofisi inatakiwa ijibu ndani ya siku 30, wakikataa watoe sababu. Mwandikie mkurugenzi, taja jina la skimu, mwaka wa fedha, kiasi kilichotengwa na mchoro wa mradi, maana ukiandika tu naomba mpango wa kilimo watakuzungusha mpaka uchoke. Peleka nakala mbili masjala, moja wagonge mhuri wa kupokelewa wenye tarehe uondoke nayo, usipokuwa na mhuri utaambiwa barua haikufika.

Mama Mahindi:
Afu kabla hujatoa nauli ingia tovuti ya Wizara ya Kilimo, hotuba ya bajeti ya waziri ya kila mwaka ipo pale, tafuta jina la skimu yenu humo. Umwagiliaji una fungu lake la bajeti, fungu 05, Tume ya Taifa ya Umwagiliaji, kwahiyo inawezekana kabisa michoro iko Tume na halmashauri hawana, waandikie na wao. Ila jina kuwemo kwenye hotuba siyo kwamba hela imeshatoka, hilo liulize peke yake.

Mjumbe_Mstaafu:
Mkutano mkuu wa kijiji ni kila miezi mitatu, simama uulize na hakikisha swali limeingia kwenye muhtasari. Na hayo ya kuhamishwa yasikutie presha, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inataka fidia ikubaliwe kwanza ndo ardhi ya kijiji ichukuliwe. Mimi ningesia mbegu.

Mpunga_Mbichi:
Asanteni sana wakuu. Barua niandike mimi au chama cha wamwagiliaji?

KandoYaMto:
Andika wewe kwa jina lako, haki hiyo ni ya raia, chama nacho kiandike yake. Mkizipeleka siku moja siku zitahesabika pamoja.