Poda ya mwarobaini: DNA itaonyesha kama ni dwele?

mwanakisumu_4: Wadau niaje. Niko Kisumu, projekti ya mwaka wa nne imenikwamisha. Nilinunua poda ya mwarobaini kwa wauzaji watano, wote wanaapa ni yenyewe, sasa dani (nyanya) yangu akaona mti wa mmoja wao akacheka, akasema huu si mwarobaini, ni dwele. Yaani Melia azedarach, na matunda ya huo mti yana sumu. Majani mabichi ningejua lakini ishakuwa poda, zote kijani, zote chungu. Supavaiza anasema rbcL na matK, zile jeni mbili za kutambulisha mmea, zinatosha. Ni kweli ama nitachoma pesa ya sikwensi, yaani kusoma herufi za DNA?

labu_nakuru: matK kwa poda utalia. Hiyo kitu imeanikwa juani ikasagwa, DNA imekatika vipande vipande, na matK ni ndefu, karibu besi (herufi za DNA) 800, tena praima zake, vile vipande vya DNA vya kuanzisha kunakili, ni za kubembeleza. rbcL inashika karibu kila mmea ila inabadilika polepole, mimi aloe zangu za Baringo zilitoka sawa tu kama pacha. Ongeza ITS2, kipande kingine cha DNA cha kutambulisha, ni fupi, besi 200 na kitu. Mwarobaini na dwele ni jenasi mbili, hapo zitaachana. Lakini poda ikiwa na ukungu utasoma kuvu badala ya mti, angalia hiyo. Na PCR (kunakili DNA iwe nyingi) ikigoma usikimbilie kununua seti ingine ya kutolea DNA, dailuti DNA mara kumi kwanza, mimi nilipoteza wiki mbili kumbe ni polifenoli tu, kemikali za mmea zinazozuia PCR.

mzee_wa_kakamega: Na kama muuzaji amechanganya miti miwili? Sanger, ile njia ya kawaida ya sikwensi, itakupa vilele vya grafu vimepandana, husomi kitu. Halafu utalinganisha na nini kijana, GenBank, ile hazina ya DNA mtandaoni, kuna majina yamekosewa. Chuma tawi lenye maua kwa kila mti, libane kwenye magazeti likauke, lithibitishwe pale herbaria (hifadhi ya mimea iliyokaushwa) ya Makumbusho Nairobi, ndio DNA yake iwe rejeleo lako. Dwele maua ni zambarau na kikonyo cha jani kinagawanyika mara mbili, mwarobaini maua meupe na kikonyo mara moja tu.

mwanakisumu_4: Asante sana mzee. Na DNA itasema kama ni majani ama gome?

labu_nakuru: Zii, mti mzima DNA ni moja. Hapo tafuta hadubini.

mwanakisumu_4: Sawa. Dani anasema dwele ya jirani imetoa maua, Jumamosi tunaenda na magazeti ya kukaushia, ashaniambia nibebe ngazi.