Wauzaji wa kompyuta za mtumba, mlijua tarehe 14 Oktoba inakuja mkanyamaza

Wakuu, leo sina salamu ndefu. Nimefunga duka mapema ili niandike nimetulia, maana nikiandika kwa simu huku nahudumia wateja nitatukana. Mods, naomba msiunganishe uzi huu na ule wa "nisaidieni kuchagua laptop". Huu ni wa malalamiko, kuhusu Windows 10, mfumo unaoendesha kompyuta zangu, kufikia mwisho wa sapoti.

Nina steshenari hapa Kigoma mjini, Mwanga. Kuchapa, kopi, kuskani, kulaminisha, maombi ya mikopo ya wanafunzi, maombi ya ajira, mitihani ya shule za jirani, kadi za harusi, ratiba za mazishi. Duka dogo: kompyuta nne, printa mbili, na moja ya hizo printa ni mgonjwa wa kudumu.

Mwezi wa tatu mwaka huu wa 2025 nilikopa kwenye kikoba nikaagiza mashine tatu Kariakoo, kwa jamaa niliyemkuta kwenye grupu la WhatsApp. Deskitopu za mtumba, Core i5, RAM GB 8, na skrini zake, laki tatu na themanini kila moja. Kabla sijatuma hela nilimuuliza swali moja tu, na ushahidi ninao kwenye simu: "Zinaingia Windows 11?" Akanijibu kwa sauti, sekunde nne nzima: "Bosi, Core i5 hiyo, inaingia kila kitu." Nikatuma. Mzigo ukapanda basi, nauli juu yangu, skrini moja ikafika na mkwaruzo, nikasema si kitu, safari ndefu.

Mwishoni mwa Agosti kuna binti alikaa mashine namba mbili anamalizia maombi yake ya mkopo. Yuko katikati ya kupandisha cheti cha kuzaliwa, skrini nzima ikajaa tangazo. Akalisoma hadi mwisho, akanigeukia: "Kaka, inasema mwisho wake tarehe 14 mwezi wa kumi. Kwa hiyo nimalize leo leo?" Duka zima likacheka. Na mimi nikacheka. Usiku nilipolisoma tangazo lenyewe nikiwa peke yangu, kicheko kiliisha.

Kwa ambao hamjafuatilia: Windows 10 ilitoka Julai 2015, na sapoti yake inakoma tarehe 14 Oktoba 2025. Siku hiyo hakuna kompyuta itakayozima. Itawaka, Word itafunguka, printa itatema karatasi kama kawaida. Kinachokatika ni vile viraka vya usalama, yaani apdeti za kuziba matundu ambayo virusi hupitia, vinavyotolewa kila mwezi, Jumanne ya pili. Tundu litakalogunduliwa baada ya hapo litabaki wazi.

Na hapo kwenye "itawaka" ndipo mchuuzi wangu alipojificha. Nilipompigia aliniuliza, "Kwani imezima?" Nikamwambia haijazima. "Sasa tatizo liko wapi, bosi? Si inawaka?"

Si inawaka! Nenda Kibirizi kamuulize mvuvi kama anaupima mtumbwi kwa kuangalia tu kama unaelea pale ufukweni.

Tatizo liko kwenye flashi, ndugu yangu. Kwa siku zinaingia flashi nyingi kwenye mashine zangu, na kila moja imetoka kulala kwenye kompyuta nisiyoijua. Ya mwalimu wa Ujiji, ya mchungaji, ya kijana wa chuo aliyeshuka kutoka Kasulu asubuhi hiyo hiyo. Mwaka jana ilikuja moja yenye mitihani ya muhula wa darasa la saba. Mwalimu anaifungua, mafaili yote yamegeuka shotikati (alama za njia ya mkato tu), ukibofya hakuna kitu. Yule mama alikaa kwenye benchi langu akiwa ameshika kichwa, na mtihani ulikuwa kesho yake. Tuliyaokoa saa nne usiku, yalikuwa yamefichwa tu, hayajafutwa. Hicho kilikuwa kirusi cha kitoto, na mashine yangu ilikuwa bado inalindwa.

Sasa kumbukeni kirusi cha WannaCry. Kiraka cha lile tundu kilitoka Machi 2017. Mei 12 mwaka huo huo kirusi kikaanza kufunga mafaili ya watu na kudai fidia, kikasambaa nchi zipatazo 150, hospitali za Uingereza zikarudisha wagonjwa nyumbani. Miezi miwili ilitosha kuwaumiza ambao dawa ilikuwapo na hawakuinywa. Sisi kuanzia Oktoba hata hiyo dawa hatutakuwa nayo, na kwenye mashine zangu kuna nakala za vitambulisho vya watu, vyeti, na nywila ambazo wateja wananiambia kwa sauti mbele ya foleni. (Acheni hiyo tabia, jamani. Andika mwenyewe.)

Turudi kwa mchuuzi. "Core i5" ni jina la ukoo wa prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, halikuambii umri wa mtu. Cha kuangalia ni namba inayofuata baada ya kistari. Zangu ni i5-4590. Ile 4 ya mwanzo ndiyo jenereshani, yaani kizazi cha nne, prosesa ya mwaka 2014. Windows 11 rasmi inataka Intel ya kizazi cha nane kuendelea, ingekuwa i5-8500 kwa mfano, na pia chipu ya usalama ya TPM 2.0. Masharti haya hayakutangazwa jana. Windows 11 imetoka Oktoba 2021. Mtu anayekula kwa kuuza kompyuta hawezi kuniambia Machi 2025 kwamba hajui. Alijua! Na mimi naamini ndiyo sababu mashine hizi zimejaa Kariakoo kwa bei ya kuvutia: maofisi ya huko nje yanazitoa kwa kuwa hazivuki kwenda Windows 11, halafu zinapandishwa meli kuja kwetu zikiwa zimefutwa vumbi na kuitwa "safi kabisa". Kigoma ni mwisho wa reli, sawa, hilo tumelizoea. Lakini msitufanye mwisho wa dampo.

Ngoja, kuna fundi pia. Huyu wa hapa hapa mjini, simtaji.

Mashine yangu ya nne ni ya zamani, ndiyo niliyoanzia biashara. Haikuwahi kutoa tangazo lolote, nikawa naisifia kwamba ndiyo yenye adabu. Baada ya hii kashikashi nikaandika winver, amri inayoonyesha toleo la Windows, pale kwenye kisanduku cha kutafutia, nikabonyeza Enter. Ikaja: Windows 10, toleo 1909. Nikaenda kusoma. Toleo 1909 kwa mashine kama yangu liliachwa Mei 2021. Yaani wakati nahangaika na Oktoba ya mwaka huu, mashine inayokaa mezani kwangu, ninayofanyia hesabu za duka, ina miaka minne bila kinga! Nikamfuata fundi. Hana hata aibu: "Nilizima apdeti zisikumalizie bando." Na ni kweli, wakati ule nilimshukuru, tena nikamwongezea elfu mbili ya soda.

Najua mtakuja na "weka 11 kwa nguvu". Hata mchuuzi alinishauri hivyo, eti nimrudishie mzigo aniwekee, nauli kwenda na kurudi ni yangu. Najua kuna njia za kuruka ukaguzi, kuna vijana wanafanya kwa programu ya Rufus kwa dakika chache, na mashine inawaka. Ila Microsoft wenyewe wanasema kompyuta isiyotimiza masharti haina uhakika wa kupata apdeti. Sasa nimehama nyumba inayovuja niende kwenye nyumba ambayo mwenye nyumba hajaahidi kuiezeka?

Nilichofanya mpaka sasa, kwa faida ya mwenye steshenari mwenzangu anayesoma huko Kasulu, Kibondo au Urambo: kuna mpango wa kuongezewa viraka mwaka mmoja, hadi 13 Oktoba 2026. Unaitwa ESU. Ukilipia ni dola 30, zaidi ya elfu sabini za kwetu, lakini ukiingia kwa akaunti ya Microsoft na kukubali mipangilio ya kompyuta yako ihifadhiwe kwao, hulipi. Akaunti moja inabeba hadi mashine kumi. Lazima uwe kwenye toleo 22H2, la mwisho la Windows 10, na uwe umeweka apdeti ya Agosti, maana kabla yake kile kidirisha cha kujiunga kilikuwa kinafunguka na kujifunga chenyewe. Mashine tatu za Kariakoo nimeziingiza hivyo. Kwa hiyo nimenunua mwaka mmoja. Deni la kikoba nalimaliza mwezi wa tatu mwakani, halafu nianze kudunduliza kwa ajili ya nyingine. Hongereni.

Ile yenye adabu nimeiwekea Linux Mint, mfumo wa bure badala ya Windows. Kuipandisha hadi 22H2 kungekula GB zaidi ya tano, nami nilikwisha kinai. Kwa kujaza fomu za mtandaoni inaenda vizuri, tena nyepesi kuliko mwanzo. Ila mwalimu akileta mtihani wa Word wenye majedwali na michoro, kwenye LibreOffice, programu ya bure ninayotumia huko badala ya Word, mistari inahama, swali la 12 linaangukia ukurasa wa jibu. Printa mzima imekubali, ile mgonjwa imekataa, lakini hiyo hata kwenye Windows ilikuwa inakataa.

Ninachotaka kwa wauzaji, na najua mmo humu: kwenye tangazo lako andika namba nzima ya prosesa. Usiniandikie "Core i5 kali". Piga picha ya winver. Sema wazi, "hii haiingii 11, ndiyo maana bei iko hivi." Nitainunua, wala sina majivuno, ila nitainunua kwa laki mbili nikijua nanunua nini.

NYONGEZA, saa mbili usiku: Mdau wa tatu hapo chini, hapana, sikuwa "na tamaa ya vya bei rahisi". Laki tatu na themanini mara tatu ni zaidi ya milioni moja, na kikoba chetu kina akina mama kumi na nane wanaouza mgebuka na mawese.

NYONGEZA NYINGINE: Jamaa ameuona uzi. Amenipigia sasa hivi, sauti imelainika, ananiita "kaka" badala ya bosi. Anasema nifute kwanza, halafu ndiyo tuzungumzie kurudishiana laki moja moja kwa kila mashine. Nimemwambia atume kwanza. Akakata simu. Uzi unabaki.