Tupeane uzoefu: mliosoma chuo mkiwa na ulemavu, siku gani hamtaisahau?

Nukta Sita:
Wakuu, asubuhi nimetumiwa fomu kazini. Naifungua, programu ya kusoma skrini inatamka neno moja: "tupu". Kurasa nne. Tupu, tupu, tupu, tupu. Mtu kaskani karatasi ikawa picha, akaituma, akajua kamaliza kazi. Nimecheka peke yangu, maana mwaka wa kwanza chuoni fomu ya kuomba huduma za wanafunzi wasioona ilinijia hivyo hivyo. Ikabidi jirani yangu wa hosteli anisomee na kunijazia, pamoja na kile kipengele cha "eleza hali yako ya kiafya kwa undani". Tulikuwa tumefahamiana siku mbili.

Mwageni ya kwenu. Mliofundisha, mliobeba kiti cha mtu ngazini, mliowasomea wenzenu kwa sauti, karibuni pia.

Kalamu ya Kukopa:
Umenikumbusha mtihani wa takwimu, mwaka wa pili. Mimi sioni kabisa. Miezi miwili kabla niliomba karatasi ya nukta nundu, au basi kompyuta. Siku yenyewe naambiwa hakuna, ila "tumekupatia mwandishi, kijana mzuri tu". Kweli alikuwa mzuri. Alikuwa anasoma fasihi.

Tukawekwa kona ya ukumbi ule ule na wenzangu. Yeye ananong'ona swali, mimi nanong'ona jibu, msimamizi kila akipita anatutuliza. Swali la kwanza likaenda. La pili, kimya. Vipi? Akasema, "Hapa kuna kitu kama M imelala ubavu." Juu yake kuna nini? "Kuna n kadogo." Chini? "i sawasawa na moja." Ndipo nikajua ni sigma, alama ya kujumlisha. Hiyo M ilishatula kama dakika kumi.

Swali lililofuata lina grafu. "Kuna kilima, kinapanda, halafu kinashuka." Kinashuka taratibu au ghafla? "Kawaida tu." Wakuu, swali zima lilikuwa kwenye huo mshuko, mkia umevutikia kulia au kushoto. Jibu ninalo kichwani, ila limefungiwa ndani ya "kawaida tu" ya mtu mwingine. Nusu saa yangu ya ziada ikaishia kwenye kile kilima. Mwisho nikamkunjulia kiganja, nikamwambia nichoree hapa kwa kidole. Akachora. Nikapata jibu papo hapo. Msimamizi akatuona tumeshikana mikono, akaandika jina langu kwamba tunaibia.

Somo nililirudia. Tulipotoka nje aliyekuwa analia ni yule kijana, sio mimi.

Chaki Nyeupe:
"Kawaida tu." Dah.

Mtazamaji Huru:
Pole mkuu, ila tuseme ukweli. Muda wa ziada ni upendeleo. Hata mimi ningepewa nusu saa ningefaulu zaidi.

Kalamu ya Kukopa:
Chukua mtihani wowote uliowahi kufanya, mpe mtu asiyejua somo akunong'oneze maswali, usiguse karatasi. Ukimaliza kwa wakati njoo hapa nikuamkie.

Mtazamaji Huru:
Sijasema wewe. Nasema wale ambao haijulikani wana nini. Kwetu kulikuwa na dada anatembea, anaona, anasikia, na bado anafanyia mtihani chumba chake peke yake.

Chumba cha Pembeni:
Huenda ni mimi huyo kaka. Nina kifafa. Wengi wenye kifafa mwanga wa kupepesa hauwafanyi kitu, mimi ni katika wale wachache unaotuangusha. Taa ndefu ya ukumbini ilikuwa inapepesa muhula mzima. Badala ya kubadilisha taa, wakanihamisha mimi. Wewe ukaona nimependelewa.

Mzee wa Kanuni:
Ndugu zangu, hili sio la hisani. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, wa 2006, ibara ya 24 kifungu cha 5, unataja elimu ya juu waziwazi. Na ibara ya 2 inahesabu kunyimwa marekebisho stahiki, yaani kurekebishiwa mambo kulingana na hitaji lako bila kumlemea anayerekebisha, kuwa ni ubaguzi. Kwa wale wa "chuo chetu hakina uwezo": Ed Roberts, Mmarekani aliyepooza kwa polio, alipoingia Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1962, alikuwa analala ndani ya pafu la chuma, ile mashine kubwa ya kumsaidia mtu kupumua, hosteli hazikumfaa, wakampa nafasi katika hospitali ya chuo. Alisoma, na wenzake wakamfuata. Mwisho, tuache kusema "walemavu". Ni watu wenye ulemavu.

Nukta Sita:
Mzee wangu, shikamoo. Mimi niite hata kipofu. Ninachotaka ni fomu inayosomeka.

Chumba cha Pembeni:
Wewe sawa, lakini mimi nimeitwa majina hadi nikahama benchi. Maneno yana uzito wake.

Mzee wa Kanuni:
Marahaba. Lakini mwenzako kakujibu vizuri.

Gurudumu la Nyuma:
Ngoja niwape yangu. Natumia kiti cha magurudumu. Kipindi kilikuwa ghorofa ya nne, napanda kwa lifti. Katikati ya kipindi king'ora cha moto kikalia. Ukutani pale kuna tangazo: ikitokea dharura usitumie lifti. Ndani ya dakika moja darasa lilikuwa jeupe. Kila aliyepita aliniambia "tunarudi kukuchukua".

Nikajisukuma hadi kwenye ngazi. Nilisikia viatu vinashuka, vinashuka, mara kimya, kimebaki king'ora. Nikampigia rafiki yangu, hapokei. Nikaanza kupiga hesabu: nikijiachia chini nikaburuza makalio, ngazi ya kwanza hadi ya mwisho ni dakika ngapi? Na kiti nakiacha?

Mara mlango wa choo ukafunguka. Katoka jamaa anafuta mikono, hana habari, ananipungia. Namwonesha juu, king'ora! Anaangalia juu, anatabasamu, haoni kitu. Nikaelewa. Kiziwi. Nikamwandikia kwenye simu: MOTO. Jamaa akabadilika rangi. Akaonesha ngazi, akaonesha kiti changu, akaonesha mgongo wake. Nikamwandikia nina kilo themanini. Akaandika: "Basi tunakaa wote."

Tukakaa. Jengo zima, waliobaki ni sisi wawili.

Chaki Nyeupe:
Jamani!! Halafu???

Mtazamaji Huru:
Moto ulikuwepo kweli?

Chumba cha Pembeni:
Kimya Kingi, ni wewe?

Kimya Kingi:
Sio mimi, ningemkimbia, nafahamika. Hapo taa nyekundu ya kumulika sambamba na king'ora ingetosha. Yangu mimi ni mkalimani mmoja kwa masaa matatu. Wenye fani hubadilishana kila dakika ishirini hivi, maana ubongo unachoka. Huyu dada kufika saa ya pili ishara zinakuja nusu. Mhadhiri katoa mzaha, ukumbi mzima umepasuka. Namgeukia mkalimani. Ananiashiria: "Kasema jambo la kuchekesha."

Chaki Nyeupe:
Nimefundisha miaka kumi na sita, na kwa muda mrefu nilikuwa yule wa kuongea na ubao. "Hii ukiileta huku, inakuwa hivi." Mwanafunzi asiyeona akaja mwisho wa kipindi, akaniuliza kwa adabu, "Mwalimu, hii ni ipi?" Nikaanza kutaja kila ninachoandika. Walionishukuru zaidi ni wa viti vya nyuma, kumbe nao walikuwa hawaoni.

Mgeni Mwaka wa Kwanza:
Naanza chuo karibuni, nina uoni hafifu. Kwenye fomu nijaze kwamba nina ulemavu au ninyamaze?

Kalamu ya Kukopa:
Jaza. Na kila unachoomba kiwe kwa maandishi, nakala ubaki nayo.

Chumba cha Pembeni:
Usijaze kwanza, soma upepo. Mimi nilijaza, wiki ya pili kila mtu anajua.

Kimya Kingi:
Jaza, halafu fanya urafiki na katibu muhtasi wa idara. Mkuu wa idara anasaini tu, anayepanga vyumba ni katibu.

Nukta Sita:
Omba slaidi kabla ya kipindi, mara tu ratiba ikitoka. Na zikija za picha, rudisha. Rudisha tena. Watakuchoka, ila watajifunza.

Mgeni Mwaka wa Kwanza:
Asanteni, ingawa sasa nimechanganyikiwa zaidi.

Gurudumu la Nyuma:
Kabla hujachagua, nenda ukaone majengo. Kwetu mlangoni kulikuwa na ngazi tatu, kama sentimita 45 kwenda juu. Kwa kipimo cha kawaida cha moja kwa kumi na mbili, yaani kila sentimita moja ya kwenda juu unaipa kumi na mbili za kwenda mbele, mteremko wa kiti ungekuwa na urefu wa mita 5.4. Wao walimwaga zege mita mbili, wakapaka rangi, wakapiga picha. Kupanda kwake nasukumwa na watu wawili, kushuka naomba dua.

Mtazamaji Huru:
Mkuu bado hujasema. Moto ulikuwepo au haukuwepo?

Gurudumu la Nyuma:
Sijui. Hakuna aliyekuja kutuambia. King'ora kilinyamaza, tukaendelea kukaa pale ngazini, tunaandikiana kwenye simu. Tulijua yameisha tulipoona watu wanapanda kwa kipindi kinachofuata, mmoja akaniomba nisogeze kiti apite.