Safari ya siku 8 kwa Hiace ya kulala, tukiwa na watoto watatu: Moshi, Lushoto na Pangani. Naomba ushauri

Baba wa Kiborloni

Shikamooni wakubwa zangu, na kwa wa rika langu, habari za majukumu. Mimi na mama watoto tumeazimia kusafiri katika likizo ya mwezi wa 6, masika yatakapokuwa yamekatika, pamoja na watoto wetu watatu: wa kwanza ana miaka 6, wa pili miaka 4, na kitinda mimba ana miezi 8. Kaka yangu ametuazima Hiace yake, na seremala wa hapa mtaani ametutengenezea kitanda cha mbao nyuma, chenye nafasi ya mizigo chini yake, huku siti za katikati zikibaki kwa ajili ya watoto. Nia yetu ni kulala humo humo na kupika wenyewe, kwa kuwa nyumba za wageni kwa watu watano zingemaliza akiba yetu kabla hatujaiona bahari.

Ratiba niliyoiandika ni hii: siku ya kwanza kutoka Moshi hadi Tanga, kilomita zipatazo 350; siku ya pili kuona mapango ya Amboni kisha kuendelea Pangani; na wakati wa kurudi kupanda Lushoto kwa siku mbili. Mama watoto anasema siku ya kwanza ni ndefu mno. Mimi naona ni lami tupu, ila nimeahidi kusikiliza kabla ya kuamua. Naomba mnisaidie hasa katika mambo matatu: mahali salama pa kuegesha usiku, namna ya kupika mvua ikinyesha (nimefikiria jiko dogo la mkaa ndani ya gari, mlango ukiwa wazi kidogo), na namna ya kumkinga mtoto mchanga na mbu wa ukanda wa chini. Sijawahi kulala garini na watoto, na sipendi shauku yangu iwe chanzo cha shida yao.

Mzee wa Usukani

Marahaba mwanangu. Nimeendesha mabasi katika barabara hiyo kwa miaka mingi, na wajukuu nimewapeleka Lushoto mara kadhaa. Msikilize mama watoto. Kilomita 350 kwa basi ni safari ya siku moja, lakini ukiwa na mtoto wa kunyonya, mwingine anayeomba kushuka kila anapoona mbuzi, na vijiji ambavyo huruhusiwi kuzidi kilomita 50 kwa saa, utaingia Tanga usiku, umechoka, ukiwa bado hujui pa kuegesha. Usiendeshe usiku kati ya Same na Segera ukiwa na watoto, kwa sababu malori ni mengi na baadhi husimama kando ya lami bila taa.

Geuza safari yako. Siku ya kwanza nenda Same tu, karibu kilomita 100, uondoke baada ya kifungua kinywa na ufike mchana. Siku ya pili shika Mombo, upande Lushoto kukiwa na mwanga. Pwani iwe baadaye. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kama kilomita 33 za kona na mlima. Wakati wa kushuka tumia gia ndogo, usikalie breki, maana breki zikipata moto gari zito halishikiki. Kabla ya yote, fundi akague breki, tairi na maji ya rejeta, na uwe na mtungi wa kuzimia moto, pembetatu za kuakisi, nakala ya kadi ya gari na barua ya kaka yako kwamba amekuazima.

Muuguzi wa Hai

Naomba niseme kwa msisitizo kuhusu jiko la mkaa: usiliwashe ndani ya gari hata kidogo, hata mlango ukiwa wazi, na usiliingize likiwa na makaa yanayofifia ili kupata joto. Mkaa unaoungua hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Mtu hasikii kukabwa. Husikia kichwa kizito, kisha usingizi, na watoto ndio huzidiwa mapema. Lushoto mwezi wa 6 ni baridi, na kishawishi cha kuingiza jiko kitakuja. Chukueni mablanketi ya kutosha. Mvua ikinyesha, pikeni chini ya turubai lililofungwa nje, au kuleni mikate na ndizi siku hiyo.

Kuhusu malaria, watoto waliokulia Moshi mjini hawajaizoea kama wenzao wa Tanga, kwa hiyo homa yoyote wakiwa huko au baada ya kurudi ipelekwe kituo cha afya ikapimwe siku hiyo hiyo, bila kubahatisha dawa. Mtoto alale ndani ya chandarua chenye dawa, na avae nguo za mikono mirefu kuanzia machweo. Bebeni pakiti za ORS (chumvi maalumu za kunywesha mtoto anayeharisha), mkijua kwamba pakiti moja huchanganywa katika lita moja ya maji safi na mchanganyiko uliobaki humwagwa baada ya saa 24.

Jambo jingine ambalo wengi husahau: mtoto wa miezi 8 sasa atakaribia miezi 9 mtakapoondoka, na huo ndio wakati wa chanjo ya kwanza ya surua na rubela. Homa ndogo inaweza kuja kati ya siku ya 5 na ya 12 baada ya sindano. Pangeni tarehe ya safari mkizingatia hilo, msije mkaikuta homa hiyo mkiwa Pangani mkadhani ni malaria, au mkapuuza malaria mkidhani ni chanjo. Kadi ya kliniki isiachwe nyumbani.

Mama Pacha, Usa River

Dada muuguzi amemaliza. Mimi naongeza ya mama tu. Tulipopanda Lushoto niliwapa wanangu chai ya maziwa na maandazi pale Mombo, nikiona wameshiba vizuri. Kabla hatujafika Soni, mmoja alikuwa amenitapikia begani na mwingine alimfuata kwa kuona tu, na sweta zote za joto zilikuwa chini kabisa ya mzigo. Wapeni kitu kikavu na kidogo, fungueni dirisha, waangalie mbele badala ya simu, na msimame Soni wapunge hewa. Nguo moja ya kila mtoto, taulo na mfuko wa plastiki vikae kiti cha mbele.

Na bebeni poti. Huyo wa miaka 4 ataamka saa 9 usiku.

Fundi Vyuma, Majengo

Kitanda hicho kimefungwa na nini? Kama kimekaa kwa uzito wake tu, au kwa misumari, breki moja ya ghafla itakileta mbele juu ya watoto. Kitobolewe, kifungwe kwa bolti na nati kwenye vyuma vya sakafu pale siti za nyuma zilipokuwa zimeshikwa, na mizigo ya chini izuiwe kwa ubao. Mtu asilale juu yake gari likitembea, hata kama mtoto analia. Kila mmoja akae kwenye siti yenye mkanda, na mdogo awe na kiti chake. Kwa kupika, mtungi wa gesi wa kilo 6 unatosha, usafirishwe ukiwa wima, umefungwa valvu na kufungwa kamba, na jiko liwashwe nje ya gari.

Msafiri wa Sanya

Mkilala Same, kwa nini msiingie hifadhi ya wanyama ya Mkomazi? Lango la Zange liko karibu na mji, watoto walio chini ya miaka 5 hawalipi kiingilio, na kuna faru weusi wanaolindwa katika eneo maalumu.

Mzee wa Usukani

Mkomazi ni pazuri, ila kwa Hiace iliyoinama kwa mzigo sishauri. Mwenye miezi 8 hana habari na faru. Waende siku nyingine kwa gari la juu. Ninachoshauri badala yake ni hiki: kabla ya kuondoka, laleni usiku mmoja ndani ya gari hilo uani kwenu, mlango wa nyumba ukiwa umefungwa, kana kwamba mko njiani.

Baba wa Kiborloni

Nawashukuru sana wote. Nimerudi kutoa taarifa, kwa kuwa Jumamosi tulilala uani kama mzee alivyoelekeza.

Tulifunga vioo vyote kwa kuogopa mbu. Kufikia saa 8 usiku matone yalikuwa yakishuka kutoka kwenye bati la paa hadi kwenye shuka, na nywele za kitinda mimba zilikuwa zimelowa. Saa 9 kasoro wa miaka 4 aliomba kukojoa, nikavuta mlango wa pembeni, na kishindo chake kikamwamsha mdogo, akalia hadi majirani wakawasha taa. Mama Pacha, poti tumeinunua Jumatatu. Mama watoto ameshona vipande vya chandarua vinavyoshikwa kwa sumaku kwenye madirisha mawili yanayotazamana, na usiku wa pili tulipojaribu hapakuwa na tone.

Kitanda kimefungwa upya kwa bolti nane. Jiko la mkaa limebaki nyumbani. Chanjo mtoto atapata wiki ya kwanza ya mwezi wa 6, nasi tutaondoka wiki mbili baadaye. Amboni tumeiacha. Ratiba sasa ni Same usiku mmoja, Lushoto mitatu katika eneo la kambi kule Irente, Pangani miwili, na wakati wa kurudi tutalala Mombo ili tusikimbizane na giza. Limebaki swali la Same na Mombo, ambako sina mwenyeji.

Mzee wa Usukani

Vizuri mwanangu. Usiegeshe kando ya barabara wala nyuma ya baa. Fika kabla ya saa 10 jioni, uende parokiani au usharikani mkiwa na mama na watoto, umwombe mhudumu nafasi ndani ya uzio, na utoe chochote kwa ajili ya maji na choo. Mkikosa hapo, ongea na msimamizi wa kituo kikubwa cha mafuta chenye mlinzi wa usiku, na popote mtakapolala jitambulishe kwa mwenyekiti wa mtaa. Gari uliegeshe likitazama njia ya kutokea, na ufunguo ukae mahali ambapo wewe na mama mtaupata gizani.

Mama Pacha, Usa River

Na mlango wa pembeni upakeni grisi kwenye reli yake.